Kikomo cha Gamaliel

Gamaliel aliisikia bei mpya ya mafuta akiwa amepanda juu ya pikapu yake, nyumbani kwake Kagondo, mjini Bukoba, anakunja turubai. Jambo la kwanza alilofanya ni kushuka na kuizima redio. Halafu akaiwasha tena, maana alidhani masikio yake yamemdanganya. Bukoba bei hii, Muleba bei ile, na ile ya Muleba ilikuwa chini.

"Agnetha!" alimwita mkewe. "Hebu njoo uwasikilize watu hawa."

Agnetha alitoka jikoni na mwiko mkononi, lakini mtangazaji alikuwa ameshahamia mikoa mingine. "Wamesema nini?"

"Wanasema petroli ya Muleba ni rahisi kuliko yetu."

"Si vizuri? Wewe kila Jumatatu uko Muleba."

"Vizuri kwa nani? Vizuri kwa Burhani!"

Sasa huyo Burhani ndiye aliyekuwa amemkosesha Gamaliel usingizi siku hizi mbili. Kwa miaka mingi Gamaliel alikuwa akiwabebea akina mama wa Muleba ebitoke, yaani zile ndizi za kupika, kutoka soko la Muleba kuja kuuzwa Bukoba. Mizigo mingine ilikuwa ya kubahatisha: leo mchanga, kesho kabati la mtu anayehama, kesho kutwa hakuna. Mzigo wa Muleba ndio uliokuwa unalisha nyumba, na ndio uliokuwa unamsomesha binti yao chuo cha uuguzi. Ukiuondoa huo, ile pikapu ingebaki uani kuku wakitagia ndani yake. Basi, juzi tu mama Kokubanza, mwenyekiti wa wale akina mama, alikuwa amempigia simu. Kuna kijana wa Muleba anaitwa Burhani, amenunua pikapu, anautaka mzigo. Anasema yeye anajaza mafuta Muleba, na Muleba mafuta ni rahisi, kwa hiyo yeye ni rahisi.

"Njoo Ijumaa na bei yako, waitu," Kokubanza alimwambia, kwa lile neno la Kihaya la kumwita mtu wenu. "Na yeye atakuja na yake kwa saa yake. Hatutaki ugomvi. Hiyo bei tutakayopatana tunakwenda nayo hadi Krismasi."

Gamaliel alikuwa ameyapuuza maneno ya Burhani. Porojo za vijana, alijisemea. Mji mdogo utakuwaje na mafuta rahisi kuliko mji mkubwa? Na sasa redio, tena redio ya watu wazima, inasema yaleyale ya Burhani.

Ukweli, tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Kwa lita moja isingenunua hata pipi. Lakini Gamaliel hakuwa mtu wa kuambiwa jambo lisiloeleweka akaliacha lipite. Sabuni ni rahisi Bukoba kuliko Muleba. Misumari ni rahisi Bukoba. Madaftari ni rahisi Bukoba. Iweje petroli ndiyo igeuke miguu juu kichwa chini?

"Labda wamekosea," Agnetha alisema. "Msomaji amegeuza majina. Mbona hata kanisani mzee wa usharika aliwahi kutangaza ndoa akageuza maharusi?"

"Agnetha, hii ni serikali."

"Na yule alikuwa mzee wa usharika."

Gamaliel alimwangalia mkewe, akaangalia redio, akaona hapa hakuna msaada. Alichukua funguo, akaenda kwa Umang.

Sheli ya akina Umang iko Miembeni, na kabla haijawa sheli ilikuwa duka la babu yake, mzee Thakorbhai, lililouza vibiriti na baiskeli. Siku hizi familia za Wahindi mjini Bukoba ni za kuhesabu. Wengine wako Mwanza, wengine Dar, wengine ng'ambo. Umang amebaki, na Kihaya anakisema kuliko watoto wa Gamaliel mwenyewe, jambo ambalo Gamaliel huwa hapendi kulifikiria sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nijibu kitu kimoja tu kisha nitakuacha. Kwa nini Muleba ni rahisi?"

"Ni barabara, mzee."

"Barabara ipi? Sisi tuna lami."

"Si lami, ni umbali. Mafuta yanashushwa bandarini Dar. Lori linayabeba, linapita Biharamulo, linapita Muleba, ndipo linafika hapa. Wenzetu wa Muleba wanakutana nalo kwanza."

"Kwa hiyo Muleba ni karibu."

"Karibu na Dar, ndiyo."

Gamaliel aligeuka kuitazama barabara ya Muleba. Tangu azaliwe, Bukoba ilikuwa hapa na Muleba ilikuwa kule. Mtu wa Muleba ndiye aliyekuwa anakuja mjini. Mtu wa Muleba ndiye aliyechekwa kwa kushangaa taa. Kumbe kwa hesabu za mafuta, wa mbali ni yeye, na kule ndiko hapa. Alihisi kama amevaa viatu vya mtu mwingine.

"Lakini ziwa si tunalo sisi?" aliuliza. "Bandari si hii hapa chini? Ndege si inatua hapa kwetu? Muleba wana nini?"

"Mafuta yangu hayaji kwa ndege, mzee."

"Na misumari? Si inapita Muleba vilevile? Mbona yenyewe ni rahisi hapa?"

"Misumari inashushwa kwanza kwenye maghala hapa mjini, halafu ndiyo inarudi Muleba," Umang alisema, kisha akajikuna kisogo. "Nadhani."

"Unadhani!"

"Mzee, mimi nauza petroli. Misumari alikuwa anauza babu."

Gamaliel aliegemea pikapu. Alikuwa na jambo jingine, na lilikuwa linamuuma kuliko la misumari. "Sikia basi. Mwaka jana mimi na shemeji yangu Kahangwa tulipeleka ndizi Dar. Tajiri wa kule akatukata bei. Tukauliza kwa nini, akasema, nyie mnatoka mbali, usafiri umekula. Haya, tukakubali. Sasa mafuta yanatoka hukohuko Dar kuja kwetu, tunaongezewa bei. Tukiuliza kwa nini, mnatuambia, nyie mko mbali. Huo umbali si ni uleule, Umang? Mbona tunaulipa sisi kwenda, na sisi kurudi? Wa Dar wao zamu yao ni lini?"

Umang alijikuna kisogo tena. Mhudumu wa pampu naye aligeuka kusikiliza jibu.

"Hilo, mzee," Umang alisema hatimaye, "hata mimi silijui."

Ah! Basi kama hata muuza mafuta hajui, Gamaliel alijiambia, nani anajua? Alikasirika, na hakujua amkasirikie nani, maana Umang hakuwa amemkosea, na lori halikuwa limemkosea, na Dar haikuwa imehama. Akaona afanye lile analolijua.

"Haya, yaishe. Nipe bei ya mwisho nijaze."

"Ya mwisho ndiyo hiyo, imeandikwa pale."

Gamaliel alisoma ubao. Juu kabisa kulikuwa na maneno BEI KIKOMO, chini yake tarakimu. Alikuwa ameyaona maneno hayo maisha yake yote ya udereva, kama mtu anavyouona mlango wa nyumba yake bila kuutazama.

"Ndiyo, hicho ni kikomo. Sasa ya mwisho?"

"Kikomo si ndiyo mwisho, mzee?"

"Kwa hiyo hushuki hapo hata nikilia."

"Hapana, hapana!" Umang alicheka. "Si mwisho wa chini, ni mwisho wa juu. Ninaambiwa: Umang, bei yako isivuke hapa. Nikipanda zaidi ya hapo, nimefanya kosa. Nikitaka kushuka, hakuna anayenikataza."

"Kumbe unaweza kushuka!"

"Naweza kabisa. Ila nikishuka wiki moja, wiki ya pili utakuta nimefunga."

Gamaliel alilipa, akajaza, akaondoka bila kupunguziwa hata senti. Lakini njiani kurudi Kagondo alikuwa anatabasamu peke yake. Lile la umbali lilikuwa limemkaa kooni, ila neno moja lilikuwa limemwingia moyoni. Kikomo! Mwisho wa juu!

Ni hivi: Gamaliel alichukia kupatana bei. Alichukia tangu ujana. Kusimama mbele ya akina mama wanaokufahamu, useme laki na thelathini, huku moyoni unajua utakubali elfu tisini, na wao wanajua kwamba unajua, halafu mzungushane nusu saa, huyu anashika kiuno, yule anajifanya anaondoka. Kwake yeye ule ulikuwa uongo uliovalishwa nguo za Jumapili. Kila mwaka alitoka kwenye mapatano yale akiwa amechoka kuliko siku ya kupakia. Sasa hapa kulikuwa na njia ya mtu mkweli. Unataja kikomo chako, kwamba hapa sivuki, hata mvua inyeshe, hata redio iseme nini. Kutoka hapo anayetaka kukushusha akushushe.

Alhamisi alipiga hesabu zake mezani, Agnetha akimsomea risiti za nyuma. Kikomo kingekuwa laki moja kwa safari. Wakimvuta hadi themanini angekubali, ingeuma lakini angekubali.

"Utawaambia laki?" Agnetha aliuliza. "Usianzie juu kidogo?"

"Hiyo ndiyo juu. Hiyo ndiyo maana ya kikomo."

"Na wao wanajua hivyo?"

"Agnetha, kila mwezi kinatangazwa redioni! Nani asiyejua kikomo?"

Wewe mwenyewe ulikijua jana, Agnetha alitaka kusema, lakini alimwona mumewe alivyochangamka, akaacha.

Ijumaa Gamaliel alishuka Kemondo, akapita Muhutwe, vilima vyote vimejaa ukungu, na kabla ya saa nne alikuwa soko la Muleba. Akina mama walikuwa wamemngoja kwenye kivuli cha kibanda cha Kokubanza. Walikuwa wamekaa juu ya magunia, na Clotilda, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwenye ulimi kuliko wote, alikuwa ameshaanza.

"Mzee Gamaliel, leo umenyoa! Unaoa?"

"Nimekuja kuwaoa nyote kwa pamoja, mahari mtalipa ninyi."

Walicheka. Walimpa kahawa. Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za senene ambao mwaka huu wamekawia. Kisha Kokubanza akaweka kikombe chini, akajiweka sawa kwenye gunia, na wengine wakajiweka sawa pia, kwa furaha, kama watu wanaongoja ngoma ianze. Gamaliel aliona nyuso zao zilivyokaa tayari kwa ubishi. Yeye akafurahi zaidi, maana alikuwa amewaletea kitu bora kuliko ubishi.

"Haya, waitu," Kokubanza alisema. "Tupe bei."

Gamaliel alisafisha koo. "Bei yangu kikomo ni laki moja."

Akina mama waligeuka kumtazama Kokubanza.

"Kikomo?" Kokubanza aliuliza.

"Kikomo."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama. Hapo haivuki. Nimeapa."

Alingoja. Sasa ilikuwa zamu yao. Ilipasa sasa mmoja wao apige yowe kwamba Gamaliel anamuulia watoto, mwingine aseme sabini, yeye ashike kichwa, aseme tisini na tano. Alikuwa ameshaitayarisha ile tisini na tano, iko nyuma ya meno. Lakini akina mama walitazamana. Clotilda alimnong'oneza jirani yake jambo kwa Kihaya, jirani akabetua midomo. Kokubanza alikiokota kikombe chake, akakitazama ndani.

"Tumekusikia, Gamaliel," alisema taratibu.

"Mmenisikia?"

"Tumekusikia. Asante kwa kutufikia."

Na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyeshika kiuno, hakuna aliyejifanya kuondoka. Walimfungia ndizi mbivu za Agnetha kwenye mfuko, wakamsindikiza hadi kwenye gari kwa adabu zote, na Gamaliel akaondoka Muleba akiwa hajui kama amefurahi au amepotea. Karibu na Muhutwe aliamua kwamba amefurahi. Wamekubali! Wamekubali laki nzima bila kuvutana! Ukweli huo, jamani, ukweli unafanya kazi!

"Wamekubali," alimwambia Agnetha.

"Wamesema wamekubali?"

"Hawakubisha hata neno."

Agnetha aliacha kumenya. "Wanawake wa soko la Muleba hawakubisha hata neno?"

"Hata moja."

"Clotilda je?"

"Hata Clotilda."

"Gamaliel," Agnetha alisema, "mimi ningewapigia simu."

"Niwapigie niseme nini? Niwaombe wabishe?" Alipandisha sauti, na aliposikia sauti yake mwenyewe akagundua kwamba ana hofu. Alitoka nje, akalikagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mbona Agnetha anamtia wasiwasi? Mtu akikubali anabisha? Mtu akibisha ndiyo anakubali? Jumamosi alitamani kupiga, hakupiga. Jumapili kwenye kwaya alipoteza mstari mara mbili, mwalimu wa kwaya akamtazama juu ya miwani.

Jumatatu aliwahi kuliko siku zote. Aliingia soko la Muleba, akageuza gari kwa nyuma kuelekea kibanda cha Kokubanza, kama alivyozoea, na akakanyaga breki ghafla, maana mahali pake palikuwa na gari.

Ilikuwa pikapu ya buluu, mpya mpya, imeandikwa Mungu Mwema. Mikungu ilikuwa imeshapangwa hadi nusu. Burhani mwenyewe alikuwa juu, amekunja suruali, anapokea. Alipomwona Gamaliel aliinamisha kichwa kwa heshima, "Shikamoo, mzee," kisha akaendelea na kazi, maana angefanya nini?

Gamaliel alishuka. Miguu ilimpeleka yenyewe kwa Kokubanza, aliyekuwa pembeni, nyuma ya kibanda, anapima kamba.

"Mama, mbona hivi?"

"Gamaliel." Kokubanza hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha zaidi. "Nilidhani Clotilda amekupigia."

"Hakunipigia. Burhani amesema bei gani? Sabini?"

"Laki na kumi."

Gamaliel alidhani hakusikia. Ilikuwa kama ile redio tena. "Laki na ngapi?"

"Na kumi."

"Mama, mimi nilisema laki! Laki moja kavu! Huyu amenizidi elfu kumi, na mmempa yeye? Tena anayejaza mafuta ya Muleba, ya bei rahisi? Nieleweshe, mama, kwa sababu tangu Jumatano hakuna kitu ninachokielewa katika dunia hii!"

Kokubanza aliweka kamba chini. "Yeye alianza laki na arobaini. Tukampigia kelele. Akashuka hadi laki na thelathini. Clotilda akamwambia akaolewe. Akashuka hadi ishirini. Akasimama pale, akatuhesabia watoto wake, tukacheka, akashuka hadi kumi. Alishuka, Gamaliel. Wewe miaka yote hii tumekula na wewe, ukaja ukakaa kwenye gunia langu, ukanywa kahawa yangu, ukatuwekea kikomo usoni. Mtu akishataja ya mwisho tutasema nini tena? Tukuombe? Sisi si ombaomba. Wenzangu waliniuliza, mwenyekiti, amesema nini huyu? Nikawaambia, amesema ndiyo mwisho, hashuki hata shilingi. Wakasema, kama ameanza na mwisho, mvua ikija na mzigo ukiwa kidogo atatufanyaje?"

"Mwisho wa juu!" Gamaliel alisema.

"Nini?"

"Kikomo ni mwisho wa juu, mama! Si wa chini! Ile bei ya redioni, muuza mafuta hawezi kupanda zaidi ya hapo, lakini kushuka anaweza. Niliwaambia haivuki. Haivuki kwenda juu! Nilikuwa nawangoja mnishushe!"

Kokubanza aliiokota tena kamba. Kule mbele Burhani alikuwa anahesabu mikungu kwa sauti, na Clotilda anamkosoa.

"Mwisho wa juu," Kokubanza alirudia, polepole, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. "Tangu lini muuzaji akawa na mwisho wa juu? Juu kuna mwisho gani? Kila mwezi hicho kikomo chao tunasikia kimepanda."

"Hata mimi sijui, mama. Umang ndiye aliyeniambia."

"Kwa hiyo ungeshuka."

"Ningeshuka."

"Hadi wapi?"

Gamaliel hakutaka kusema. Aliona uso wa Kokubanza ulivyokuwa, akajua kwamba jibu litamuumiza, na sehemu moja ndogo ya moyo wake iliyokuwa na hasira ikataka limuumize. "Hadi themanini," alisema.

Kokubanza alikaa chini, juu ya figa lililokuwa pale nyuma ya kibanda. Alikuwa mjane, ana wajukuu wawili wa marehemu mwanawe, na kila mama aliyekuwa kule mbele alikuwa na hesabu za namna hiyo. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Kila Jumatatu. Hadi Krismasi.

"Tumeshampa ya mwezi mzima," alisema. "Amenunulia matairi. Na neno limeshatoka, waitu, halirudi."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyewaambia. Wao waliniuliza mimi. Mimi ndiye niliyesoma kidogo."

Gamaliel aliegemea nguzo ya kibanda. Alikuwa amekuja na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kumkasirikia mtu, na sasa kila mtu aliyemtafuta amkasirikie alimkuta amekaa chini. Burhani alishuka bei kama inavyopasa. Akina mama walishika heshima yao kama inavyopasa. Umang alimweleza maana, na ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alisema ukweli mtupu. Wote walifanya sawasawa, halafu binti yake atakosa ada na wajukuu wa Kokubanza watakula mara moja kwa siku. Alitamani mtu mmoja tu awe amedanganya.

Kokubanza aliinuka, akajifunga kanga upya. Alimsogelea, akashusha sauti.

"Usiwaambie wenzangu, Gamaliel. Hiyo themanini. Nakuomba."

Gamaliel alimwangalia. Kama asingewaambia, wangebaki wanaamini kwamba ni yeye aliyewavunjia heshima, Gamaliel aliyeota kiburi uzeeni. Habari ingefika Bukoba kabla ya chakula cha jioni. Hakuna soko ambalo lingempa mzigo mtu wa namna hiyo.

"Sawa, mama," alisema.

Alirudi kwenye gari akapita mbele ya kibanda, hakukuwa na njia nyingine ya kutokea. Akina mama waliacha kupakia, wakamtazama, wengine kwa huruma, wengine wakiwa bado wamebetua midomo. Alipowasha gari, Clotilda aliweka mikono kiunoni.

"Bwana Kikomo!" aliita, na wote wakaangua kicheko, hata Burhani kule juu. "Siku nyingine ukija kwetu uwe unashuka, waitu!"

Gamaliel alimtafuta Kokubanza kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, ameshika mkungu ambao hakuna aliyekuwa anaungoja, anatazama chini.

"Nimesikia, mwanangu," Gamaliel alimjibu Clotilda. "Nitashuka."

Akaingiza gia, akaondoka na gari tupu kuelekea Bukoba.